Neno Alilobakiwa Nalo Clifford Sagar

Nusu ya watu wanaoendesha magari pale Colne, mji mdogo wa kaskazini mwa Uingereza, walifundishwa na Clifford Sagar, na ile nusu nyingine, kwa maneno yake mwenyewe, ndiyo inayogonga. Alikuwa jirani yangu, ukuta kwa ukuta, kwenye ule mtaa unaopanda kilima kama ngazi. Alikuwa mtu mfupi, mwenye mashavu mekundu na sweta ya kijani isiyobadilika, na mdomo wake ulikuwa haupumziki. Mkewe, Norma, alikuwa kinyume chake kabisa. Ungeweza kunywa naye chai birika zima na usiondoke na sentensi.

"Clifford ananisemea," aliniambia siku moja. "Mimi nasema pale anapokosea tu."

"Ndiyo maana hajawahi kusema," Clifford akadakia kutoka sebuleni.

Nilifika Colne nikiwa bibi harusi, nimetoka Tanga na Kiingereza changu cha shule. Mume wangu alikuwa kiwandani mchana kutwa. Clifford aliponiona nikipanda kilima na mifuko ya sokoni, alisimamisha gari lake lenye ile alama ya mwanafunzi juu ya paa, akateremsha kioo.

"Hawa, mpenzi, utavunjika mgongo. Kesho asubuhi nakufundisha gari."

Hilo "mpenzi" lilinishtua mpaka nilipogundua kwamba muuza nyama huniita hivyo, na mkusanya takataka pia.

Neno lililotutesa mimi na yeye lilikuwa *right*. Ni neno dogo, kila mtoto wa shule analijua, na ndiyo maana huchungi ulimi unapolitumia. Ni mkono wa kulia. Ni sahihi. Ni haki, ile ambayo mtu hudai na kuipigania. Watu wa Colne huanza nalo kila shughuli, yaani haya, tuanze, na humaliza nalo kila mazungumzo, yaani basi, mimi nakwenda. Ukiwasimulia jambo hulidondosha katikati ili ujue wanasikiliza. Ukiwaudhi hulivuta kidogo puani, na hapo ujue umeambiwa: kumbe ndivyo ulivyo. Na chakula kikiwa kitamu kupita kiasi, wazee wa pale husema ni *right* kitamu.

Basi tulifika njia panda karibu na bucha. Nikauliza, "Nikate kushoto?"

"Right," akasema Clifford.

Nikakata kulia. Gari la mikate lilikuwa linateremka. Dereva wake alifunga breki, akatoa kichwa dirishani, akanitukana matusi ambayo sikuyaelewa ila kwa sura yake. Mimi nilikuwa nalia, Clifford amevua miwani anafuta machozi ya kicheko.

"Usilie, mpenzi. Umefanya hasa nilichosema. Mjinga ni mimi."

Tangu siku hiyo aliweka sheria. Ndani ya gari lake neno lile lingekuwa na maana moja tu, mkono ule pale. Jambo likiwa sahihi angetafuta neno jingine, na hakukosa. Alikuwa nayo tele: ndivyo, hapo hapo, safi, umelenga, kama saa ya kanisa, bingwa. Hakupenda kurudia lile la jana. Siku moja yakamwishia, akaniuliza kwetu tunasemaje.

"Barabara," nikamwambia. "Maana yake sawasawa kabisa."

"Na hii tunayopita juu yake mnaiitaje?"

"Barabara."

Akaniamuru niegeshe. "Yaani njia ya magari na usahihi ni neno moja? Na nyinyi bado mnafika mnakokwenda?" Alifurahi mtu yule, utadhani nimempa gari jipya. Vijana wa Colne wasiojua Tanga iko upande gani wa dunia wakawa wanafaulu mitihani ya udereva wakiambiwa "Barabara!" kwa mkazo usio mahali pake.

Hivyo ndivyo alivyoishi Clifford, mtu wa maneno mengi, mpaka alipostaafu.

Kiharusi kilimpata mwezi wa nne, wakati wa kifungua kinywa. Norma alikuwa anakaanga mayai, amempa mgongo. Clifford anamsimulia habari za mbwa wa mtaa wa pili, na katikati ya sentensi akanyamaza. Norma hakugeuka.

"Nilidhani anatafuta neno," aliniambia baadaye, na aliniambia hivyo mara nyingi, kama mtu anayejitetea mbele ya hakimu. "Alikuwa na kawaida ya kusimama, akachagua neno zuri la kumalizia. Nikamwacha achague."

Alipogeuka, mdomo wa mumewe ulikuwa umekwenda upande na chai inamiminika mapajani. Akaupiga ukuta wangu kwa kikaango.

Hospitalini tukaambiwa upande wa kulia umekufa ganzi na usemi umekwenda. Clifford alilala pale akitutazama kwa macho yale yale ya siku zote, macho ya mtu mwenye kichekesho, lakini kichekesho hakitoki. Kisha asubuhi moja Norma akiwa anamfuta kidevu, akasema wazi kabisa:

"Right."

Norma alitoka mbio hadi koridoni, akamkumbatia mwanamke aliyekuwa anapiga deki, akalia begani kwake. Akampigia simu binti yao, Gillian, kule Bristol. Wote tulikaa tukingoja mengine yafuate. Tuliona kwamba likitoka moja, yaliyobaki yako nyuma ya mlango, yanavaa viatu.

Hayakufuata. Msichana mtaalamu wa usemi alituketisha akatueleza taratibu.

"Anaelewa mengi kuliko anayoweza kuyatoa. Neno hili hakulichagua, limebaki lenyewe tu. Anataka kusema chai, linatoka hilo. Anataka kukuita jina, Bi Sagar, linatoka hilo hilo."

"Na kichwa?" Norma akauliza. "Si anaweza kutikisa kichwa?"

"Hata kichwa msikiamini sana. Wakati mwingine moyoni anasema hapana, kichwa kinakubali."

Norma alimtazama msichana yule kama mtu aliyemwibia. "Mume wangu namjua," akasema.

Wakarudi nyumbani, na nyumba ile ikageuka. Norma, ambaye maisha yake yote alikuwa amesemewa, sasa alilazimika kusema kwa ajili ya wawili. Nilikuwa namsikia kupitia ukutani, sauti yake nyembamba isiyozoea kazi, ikiuliza na kujijibu. Na alikuwa amejifunza neno lile, au ndivyo alivyoniambia. Likitoka fupi ni ndiyo. Likitoka zito ni nimechoka. Likipanda mwishoni ni fungua dirisha. Likitoka pamoja na kofi la mkono wa kushoto juu ya meza, ni hapana, tena hapana ya hasira.

"Right," Clifford akasema siku moja tunakunywa chai.

"Anasema biskuti zimelainika," Norma akaniambia.

"Umejuaje hilo?"

"Nimeolewa naye nikiwa msichana. Nisijue?"

Nikajaribu biskuti. Kweli zilikuwa zimelainika. Tukacheka sote, na Clifford naye akacheka kwa nusu ya uso.

Lakini zilikuwepo pia siku nyingine. Siku anapotaka kitu ambacho Norma hakikisii. Ni miguu? Ni televisheni? Ni Gillian? Unaumwa? Anajibu neno lile lile, kwanza kwa upole, kisha kwa sauti, kisha anapiga kelele, mwisho analia. Mchana mzima ungeweza kupita hivyo, na kile alichokitaka kikabaki kwake mwenyewe.

Siku moja Norma alikwenda duka la dawa, akaniachia nimwangalie. Nikaona nimchangamshe. Nikamwinamia, nikasema, "Barabara, mwalimu?"

Akanikazia macho. Niliona midomo yake inakutana, inakaza, inatafuta ile *b*. Shingo ikamtoka mishipa.

"Right," akasema.

Akageuza uso ukutani. Sikujaribu tena.

Mambo yalivunjika pale Norma alipoanguka. Alikuwa anamwinua kutoka bafuni, miguu ikamteleza, nyonga ikavunjika. Gillian akaja kutoka Bristol kwa treni, amewaacha watoto kwa jirani, uso hauna damu. Alikuwa mwanamke mwema, mwalimu wa watoto wadogo, na alimpenda baba yake kuliko kitu chochote. Alimhudumia siku chache akaona mwenyewe. Ngazi za nyumba ile zilikuwa nyembamba, baba mzito, mama kitandani hospitalini, na Bristol haihamishiki.

Ndipo akaja mama mmoja wa ustawi wa jamii. Nilikuwepo, nimewaletea pai ya nyama na viazi. Mama yule hakuwa mtu mbaya. Alivuta kiti, akakaa mbele ya Clifford ili wawe macho kwa macho.

"Bwana Sagar, umeelewa tunachozungumza?"

"Right."

"Kuna makao ya wazee upande wa pili wa bonde. Wakuangalie huko, wakati mkeo anapona. Unakubali kwenda?"

Clifford akamtazama Gillian. Akanitazama mimi. Akautazama mlango wa jikoni, kama vile Norma angetokea hapo.

"Right," akasema. Akalikaza. "Right. Right!"

"Samahani, dada," nikasema. "Neno hilo analisema kwa kila kitu."

"Najua, mama. Ngoja nimwulize kwa njia nyingine." Akamgeukia. "Unataka kubaki hapa nyumbani?"

"Right." Kichwa kikakubali.

"Au uende kule?"

"Right." Kichwa kikakubali vile vile.

Akatoa picha, moja ya nyumba, moja ya kitanda na muuguzi, akaziweka mezani. Clifford akazifagia kwa mkono wa kushoto, zikaruka hadi chini ya kabati. Mama yule akaziokota bila kuudhika. Akamweleza Gillian kwamba, kwa vyovyote vile, hawezi kumwacha mtu huyu peke yake ndani ya nyumba.

Gillian akapiga magoti mbele ya baba yake. "Baba, ni kwa muda tu. Mpaka Mama atembee. Nakuomba. Sawa?"

Clifford akauinua mkono wake mzima, akauweka juu ya nywele za binti yake. Akasema kwa sauti ya chini kabisa:

"Right."

Gillian akaangua kilio mapajani pake. "Amekubali," akaniambia huku akilia. "Umesikia, Hawa? Amekubali."

Nilikuwa nimesikia. Nilichosikia sikuweza kukipa jina, na hata leo siwezi.

Kule kwenye makao walimpenda. Wauguzi walimwita Bwana Right. Nilipokwenda kumwona, kijana mmoja muuguzi aliniambia kwa furaha, "Huyu hana taabu hata kidogo. Kila kitu kwake sawa." Walimtilia sukari kwenye chai, mtu ambaye hakuwahi kuigusa sukari, wakamwuliza kama ni nzuri, akajibu, wakaongeza. Walimweka mbele ya vipindi vya nyimbo alivyovichukia. Siku moja nilimkuta amevaa suruali ya mtu mwingine, fupi, vifundo vya miguu viko nje. Niliwaambia habari za sukari na suruali, wakashukuru, wakarekebisha. Lakini nilikuwa nakwenda mara moja kwa wiki, na mtu anaishi kila siku.

Norma alipopata nguvu ya kukaa kitandani, Gillian alimweleza. Nilikuwa hapo, nawamenyea chungwa.

"Baba mwenyewe alikubali, Mama."

"Alisemaje?"

"Alisema right."

"Alisemaje?"

"Si nimekwambia?"

"Sikuulizi neno. Nauliza alilisemaje."

"Taratibu," Gillian akasema hatimaye. "Alinishika kichwa."

Norma akafumba macho. "Alikuwa anakuomba," akasema. "Alikuwa anakuomba usimtoe. Alikuwa anasema ni haki yake, nyumba yake."

"Mama, hukuwepo."

"Namjua mume wangu."

"Na mimi ni baba yangu! Unadhani mimi nilifurahi?"

Gillian akachukua koti lake, na baada ya siku ile simu kutoka Bristol zikawa za hali ya nyonga tu, dakika moja, kwaheri.

Siku ya kwanza Norma alipoweza kukaa garini, nilimpeleka. Alikuwa amejipaka rangi ya mdomo. Njiani alikuwa amekumbatia mkoba wake. Tulimkuta Clifford dirishani, kwenye kiti chenye mikono mipana. Alipomwona mkewe anaingia na fremu ya chuma ya kutembelea, neno likaanza kumtoka mfululizo, right, right, right, kama mtu aliyekimbia mbali na sasa anahema.

"Oneni alivyofurahi!" kijana muuguzi akasema.

Norma akaketi karibu naye mpaka magoti yao yakagusana. Akamshika mashavu kwa mikono yote miwili.

"Cliff. Nisikilize vizuri. Walipokuuliza kuja hapa, ulikataa?"

"Right."

Akangoja.

"Au ulikubali?"

"Right."

Niliwatazama. Norma alikuwa ameinamisha sikio kama mtu anayesikiliza moyo wa mtoto. Akauliza tena, moja baada ya jingine, polepole. Akajibiwa vile vile, kwa sauti ile ile, na macho yale ya Clifford yamemtazama yakingoja aelewe.

Garini hakufunga mkanda. Alikaa tu.

"Nimeshindwa kujua," akasema. "Zote mbili zilikuwa sawasawa, Hawa. Hakuna tofauti. Hata kidogo."

"Amechoka leo, Norma."

"Labda siku zote sikuwa najua." Sauti yake ilikuwa kavu. "Labda nilikuwa nabahatisha tu, naye akawa ananiachia, kwa sababu angefanyaje?"

Nikawasha gari.

Hata hivyo aliamua kumrudisha. Kujua au kutojua, alisema, chai yake ataitia yeye. Yule mama wa ustawi wa jamii alimsaidia kwa moyo, akapanga wahudumu wa kuja asubuhi na jioni. Tukatoa meza ya sebuleni, tukaweka kitanda cha kuinuka na kushuka, mimi nikashona mapazia mapya. Norma alizunguka na fremu yake akinyoosha shuka zisizo na mkunjo. Hali ya hewa ikawa imeanza kuwa baridi. Clifford akapata kikohozi, watu wakasema ni cha kawaida wakati huo. Kabla kitanda hakijalaliwa, kikohozi kikashuka kifuani.

Gillian alikuja upesi kule kwenye makao. Wakakaa mama na binti, huyu upande huu wa kitanda, huyu upande ule, bila kutazamana. Homa ilikuwa imelichukua hata lile neno. Palibaki pumzi peke yake.

Na hapo Norma akaanza kuzungumza. Sijui alikoyatoa maneno. Alimweleza Clifford habari za kitanda sebuleni, na mapazia, rangi yake, na kwamba nimeyashona marefu kidogo. Alimweleza nani amehama na nani amezaa. Alimkumbusha dansi ya siku walipokutana, na gauni alilokuwa ameazima kwa dada yake, siri ambayo hakuwahi kuitoa. Gillian alikuwa amekaa mdomo wazi. Hakuwahi kumsikia mama yake akisema hivyo. Saa za mchana zikaenda. Norma alikuwa anamsimulia mumewe jinsi duka la kona lilivyopakwa rangi ya zambarau, ya kutisha, Cliff, ungecheka, na hakugundua mpaka Gillian alipomshika mkono juu ya blanketi.

"Mama," akasema. "Mama, nyamaza sasa. Amekwenda."

Walimzika siku ya mvua. Kilima kizima kilijaa magari, na madereva wake wengi walikuwa watu wazima wenye mvi.

Baada ya hapo Gillian akawa anakuja kila apatapo Jumapili. Hawakuwa wamepatana, walikuwa wanapika tu. Walikuwa wananiita kula nao, kwa sababu watu watatu mezani ni rahisi kuliko wawili. Walizungumza kuhusu watoto, kuhusu treni kuchelewa, kuhusu bomba la jikoni linalovuja. Jina la Clifford lilipitwa kando, kama shimo ambalo wenyeji wanalijua.

Majira ya baridi yalikuwa yanaisha. Norma amekaa mezani anamenya viazi, Gillian kwenye sinki anaosha karoti, mimi natoa sahani. Norma akasema, bila kuinua kichwa:

"Siku ile alipokushika nywele. Ulisikia nini?"

Gillian akafunga bomba.

"Nilisikia nilichokuwa nakihitaji, Mama," akasema. "Nilihitaji aseme sawa, nikamsikia akisema sawa."

Norma alikimaliza kiazi alichoshika. Akakitia majini, akachukua kingine, akakitazama.

"Na mimi," akasema. "Tangu siku ya kwanza."

Gillian akaegemea sinki, mabega yakaanza kutikisika. Norma aliacha kisu, akajikokota akishikilia meza mpaka akamfikia, akamkumbatia kutoka nyuma na mikono yake yenye maji ya viazi, na uso wake akauficha mgongoni kwa mwanawe. Walisimama hivyo. Sufuria ikaanza kuchemka, nikaipunguzia moto, nikaendelea kupanga sahani.